Mleta Maombi

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri.
Miaka ishirini na sita, chini ya feni inayokoroma,
nilichukua Kisukuma cha watu nikakivalisha suti:
ng'ombe wakawa "mifugo husika",
kilio kikawa "shahidi amenyamaza kidogo".
Dini yangu ilikuwa kulala Jumapili.

Kisha wakaleta jiwe.

Picha yake, yaani, kielelezo namba mbili:
jiwe la mlimani nyuma ya Kirumba, kubwa kuliko nyumba ya kupanga,
na ubavuni alama ya X, rangi nyekundu,
ile ile wanayopiga kwenye vibanda vya hifadhi ya barabara.
Aliyeshika brashi hakujiuliza
utabomoaje kitu kilicholitangulia ziwa.

Milembe Lushinge, mchuuzi wa dagaa, Mwaloni.
Mahakama humwita mtu kama yeye "mleta maombi".
Nilicheka peke yangu, kimoyomoyo.

Wakili wa serikali akauliza: Dini yenu imesajiliwa?
Kisukuma changu kikakwama hapo
kama nyavu kwenye magugumaji.
Nikamwuliza: imeandikwa?

"Iandikwe wapi, na mimi sijui kusoma?
Bibi yangu alipanda pale na unga wa mtama,
akawataja waliokufa, akawataja walio tumboni, akashuka.
Mwenyekiti hatuna. Mweka hazina wa nini? Hatuchangishi."

Wakili akainua fomu. Ilikuwa na nafasi ya muhuri.
Milembe alikitazama kidole gumba chake;
wino wa kiapo bado ulikuwa kwenye nyufa za ngozi.

"Amri inasema: mkusanyiko usio na kibali."

"Nikianika dagaa pale, ni jiwe.
Nikimtaja Liwelelo, ni mkusanyiko.
Basi niambieni, anayekusanyika na mimi ni nani?
Kama mmemwona, mna bahati kunishinda."

Karani aliacha kuandika.
Jaji aliinama, kama anayetafuta kalamu.

Shahidi wa pili: jirani, Bi Zuwena,
ushungi wa kijivu, tasbihi imezungushwa kiganjani.
Nikadhani amekuja kumzika.
"Hayo mambo ya unga mimi siyakubali," akasema,
Kiswahili chake kimenyooka, hakunihitaji.
"Nimemwambia usoni, hata juzi, kwenye foleni ya maji.
Naye akanijibu maneno ambayo hapa sitayasema.
Lakini huo ni ugomvi wangu na Milembe.
Serikali imeingilia mlango gani?
Leo anaulizwa kibali cha unga.
Kesho mtanifuata mimi, mniulize kibali cha udhu."

Siku ya hukumu ikasomwa ibara ya kumi na tisa.
Nilishaisikia mara nyingi, ikipita kama meli ya mbali.
Safari hii niliivua suti, nikampa Milembe taratibu:
kuamini ni shauri la mtu mwenyewe,
na uendeshaji wa mambo ya dini uko nje ya kazi za mamlaka ya nchi.
Kwenye "nje" nilikawia.
Sikumpa nje ya uani wala nje ya mji.
Nilimpa ile ya mgeni aliyesimama mlangoni,
anapiga hodi,
na anaweza kuambiwa: hapana, rudi.

Milembe aliitikia kwa kichwa, mara moja tu,
kama anayepokea chenji iliyotimia.

Amri ilifutwa saa saba mchana.
Rangi haikufutwa. Hakuna aliyetumwa na petroli na kitambaa.
Milembe huanika dagaa juu ya X,
na jua la Mwanza, bila haraka, linaila.

Nimestaafu. Alhamisi iliyopita nilipanda,
magoti yakilalamika kwa lugha zote mbili.
Sikubeba unga, wala neno.
Nilikaa kwenye harufu ya dagaa, ziwa likiwa chini,
mdomo wazi kama nasubiri mtu aseme nimgeuzie.

Bi Zuwena alipita na ndoo.
Alinitazama, akanisalimu,
hakuniuliza nimefuata nini.